Majani ya Kunde kwa Bata wa Mama Mkwe

Wale bata sita hawakuwa wangu. Walikuwa wa mama mkwe wangu, na kabla kiharusi hakijamlaza upande wa kulia, hakuna aliyeruhusiwa kuwagusa, hata mimi niliyekuwa nikifagia banda lao. Alipoanguka, mume wangu alikuwa Kabonga kwenye uvuvi. Akaja, akakaa siku nne, akanunua godoro, akarudi ziwani. Mama nikabaki naye mimi, na bata pia.

Hatukuwa tunapendana sana. Mimi ni mtoto wa Bugarama, watu wa jembe. Yeye ni Mswahili wa hapahapa Rumonge, kazaliwa hatua chache kutoka msikitini, na kwa miaka tisa alikuwa akinisahihisha Kiswahili changu mbele ya wageni. Kiharusi kilimtia ulimi mzito, lakini tabia hiyo hakikuigusa.

Mwanzoni bata walikula pumba na vichwa vya ndagala, wale dagaa wa ziwani. Kisha mafuta ya magari yakawa shida, chakula cha mifugo kikaacha kufika, na ndagala wakawa wa kuliwa na watu mpaka vichwa. Mayai yakapungua. Mama akaniita kitandani.

"Wape majani ya kunde. Mabichi. Yakate madogo madogo kama mboga, changanya na pumba."

"Mama, majani ya kunde tunakula sisi."

"Na mayai anakula nani?"

Kwetu milimani majani yale ni chakula cha jioni, na kumwagia bata kitu ambacho mama yangu alitulea nacho kuliniuma. Lakini nilikwenda. Mjane mmoja mwenye shamba upande wa juu wa barabara alinikubalia nichume, mradi nimpelekee samadi ya banda. Aliniwekea na sharti jingine: nisiguse ncha, maana kunde ikikatwa ncha haizai. Basi nilichuma jani moja moja, mgongo umepinda, jua linapanda, huku nikiwaza kama Mama ameteleza kutoka kwenye mto wake kitandani.

Ndivyo siku zangu zilivyokuwa. Kumwosha Mama, kumgeuza, kumnywesha uji, kupanda kwenda shambani, kurudi, kukata majani kabla hayajanyauka, kwa sababu bata hawataki jani lililolegea. Kisha nguo, kisha kumgeuza tena. Jioni vidole vyangu vilikuwa vya kijani na vilinuka jani bichi hata baada ya kunawa kwa sabuni.

Lakini mayai yalirudi, na kiini chake kilikuwa na rangi ya mawese. Mama alikula moja kila asubuhi, nikimlisha kwa kijiko. Hakusema asante. Alisema, "Chumvi kidogo."

Kiangazi kilipokuja, kunde za mjane zilikauka. Shamba lingine lenye majani mabichi lilikuwa mbali, chini bondeni, na mimi nilikuwa nimeanza kuamka na magoti yanayouma kama ya bibi kizee. Pembeni mwa michikichi, karibu kabisa na nyumba yetu, kulikuwa na ua wa milusina, ile miti yenye majani madogo madogo ambayo mbuzi huyapenda. Nayo inazaa maganda kama kunde. Nikajiambia, jani ni jani. Nikakata tawi, nikarudi nyumbani kabla uji haujapoa.

"Umepata kunde?" Mama aliuliza kutoka ndani.

"Nimepata, Mama."

Nilidanganya hivyo siku baada ya siku. Sitasema nilikuwa na sababu nzuri. Nilikuwa nimechoka, na ule ua ulikuwa karibu.

Haukupita mwezi, bata walianza kunyonyoka shingo. Manyoya yalitapakaa bandani, halafu mayai yakakatika, yote, kama vile mtu amefunga bomba. Nilimwambia Mama kwamba ni joto. Alasiri moja akasema, "Niletee mmoja hapa."

Nikamletea bata jike mkubwa, nikamweka kifuani pake. Akampapasa shingo polepole kwa mkono wa kushoto, ule mzima.

"Hii si kunde. Umewapa mlusina."

Nilisimama pale kando ya kitanda, nikataka kukana, na badala yake nikaanza kulia kama mtoto. "Nimechoka, Mama. Nimechoka! Kila siku iko mimi tu. Sina hata saa ya kukaa!"

Nilingoja anisahihishe Kiswahili. Hakunisahihisha. Aliendelea kumpapasa bata shingo, bata akiinyea kanga yake.

"Najua ni mlusina kwa sababu mimi mwenyewe niliwapa," alisema mwishowe. "Wakati namuuguza mama mkwe wangu mimi. Ulikuwa karibu na nyumba." Alipumua, maneno yanamtoka moja moja. "Yeye hakuwahi kujua. Nilisema ugonjwa wa kideri umewaua."

Nikamtoa bata kifuani pake, nikaipangusa kanga.

"Kesho usiende popote," akasema. "Wape pumba tupu. Wewe lala."

Nililala mpaka saa tatu asubuhi. Nilipoamka nilidhani kuna mtu amekufa, kwa jinsi nyumba ilivyotulia.

Siku iliyofuata aliniambia nichimbe mashimo nyuma ya jiko, pale yanapomwagika maji ya kuogea na ya vyombo, nipande kunde hapo. Kumbe kiangazi hakikuwa kikwazo. Maji machafu yalikuwa yakipotea bure miaka yote. Kunde zilipochipua na kutanda, akataka atolewe nje. Nilimbeba mgongoni, mzito kuliko nilivyodhani, nikamketisha kwenye mkeka. Nikamwekea majani mapajani. Alishika kikonyo kwa meno, akachana jani kwa mkono wa kushoto, akalitupa kwenye beseni. Mate yalimtiririka. Nilitaka kumpangusa, akakataa kwa kichwa.

"Fanya zako," akasema.

Bata wanne waliota manyoya, na watatu kati yao wanataga tena, si kila siku. Wawili wengine tuliwachinja. Mama hajapona. Anaweza kusimama akishikilia ukuta, basi. Mimi bado namwosha, bado namgeuza, na magoti yangu hayajaacha kuuma. Lakini siendi tena juu ya barabara. Kila asubuhi tunakaa wawili nyuma ya jiko, yeye anachana na mimi nakata. Siku nikisinzia na kisu mkononi, huninyang'anya majani, akaendelea peke yake.