Nyangumi wa Ziwa Albert

Kwetu Nyakasanza, mjini Bunia, nilisikia kwamba nyangumi mmoja alitoka baharini akapita chini ya udongo mpaka Ziwa Albert. Niliamini kabisa. Nilikuwa nimemaliza shule ya jioni, nani angenibishia?

Mchumba wangu aliniambia: «Unionyeshe ule nyangumi, weye, ndio nitakujibu mambo ya ndoa.»

Basi tukateremka ziwani na pikipiki, tukapanda mtumbwi. Mbele yetu moshi mweusi ukapanda juu ya maji, mrefu kuliko minara yote ya Bunia.

«Angalia, anapumua!» nilipiga kelele.

Moshi ukatufikia, ukanijaa kinywani, ukitambaa. Mchumba wangu akatema, akacheka, akanipangusa midomo.

«Nitaolewa na weye, sheri. Lakini nyangumi iko mu bahari tu. Moshi huu ni nzi ndogo za ziwa.»