Upande wa Kulia wa Redio ya Mkunga

Mume wangu ni fundi redio, na mtaa mzima unamwita Sikio. Jina hilo alilipata kwa haki. Mita ya kupimia anayo, lakini kwa miaka ishirini na sita ameitumia kuthibitisha tu kile ambacho sikio lake limeshamwambia. Mletee redio inayokoroma, ataiwasha, atafumba macho, kisha atakutajia kilichoungua kabla hajafungua skrubu hata moja. Mimi ni fundi cherehani. Tunagawana chumba kimoja: meza yake iko katikati, cherehani yangu iko mkono wake wa kulia, hatua mbili tu.

Nasema hatua mbili ili mjue hasira zangu zilitoka wapi. Mwaka huu mume wangu aliacha kunijibu. Namuuliza kama ameshiba, kimya. Namwomba mkasi, kimya, redio zake zinaimba mezani naye anaendelea kupiga mluzi wake. Simu ikiita anaipeleka sikio la kushoto, lile la mbali na mimi, nami nikajua tu kuna mtu hataki nimsikie. Lakini mteja akisimama mbele ya meza, wanacheka mpaka machozi! Ikabidi nizungumze naye kupitia kwao: "Mwambieni huyo bwana chai inapoa." Jumatatu moja nikachoka. Nikamwambia palepale kwenye cherehani, bila kupandisha sauti, kwamba nikimaliza sare za shule naenda kwa dada yangu na sirudi. Hakuinua hata kichwa. Nikafungasha begi, nikaliweka nyuma ya pazia.

Wakati huo mezani kulikuwa na redio ya Kijapani ya mkunga mstaafu, mzee kuliko sisi sote mtaani. Ni zile za zamani, redio na kikuza sauti katika sanduku moja, uso wa rangi ya fedha, ubavu wa mbao, nzito ajabu. Ukiiwasha, kioo cha stesheni kinawaka buluu. Kitufe cha kutafutia stesheni ukikisukuma kidogo kinazunguka chenyewe, taratibu, bila kelele. Hata mimi na mdomo wangu ulionuna nilikuwa nakwenda kukizungusha Sikio akitoka.

"Inakwaruza tu nikiongeza sauti," mkunga alisema siku aliyoileta.

Sikio akaisafisha, mikwaruzo ikaisha. Akaunga spika mbili, akafumba macho. Akafumbua. "Mama, upande wa kulia unakufa."

"Unakufaje? Mbona nyumbani unaimba vizuri?"

"Niachie."

Wiki tatu akahangaika nayo. Mita ikasema pande zote ziko sawa. Akasema mita imezeeka, akaibadilishia betri. Akahamisha spika, ya kulia ikaenda kushoto, ya kushoto ikaja kulia. Udhaifu ukabaki kulekule. Basi ni mashine yenyewe, akasema. Akang'oa kapasita, akaweka mpya. Akang'oa transista zake za tangu kiwandani, akazitupa kwenye kopo. Usingizi ukampaa, na mimi nikasema moyoni, na apate.

Alhamisi asubuhi mkunga alikuwa njiani kuja kuichukua. Nilikuwa kwenye kola ya sare ya mwisho. Redio ilikuwa imefunguliwa sauti ya juu, wimbo unatoka, na uzalendo ukanishinda.

"Mbona spika zote zinaimba sawa?" nilipiga kelele.

"Wewe cherehani, mimi redio," akajibu.

Akageuka kuchukua waya kwenye rafu ya nyuma, akasimama. Akageuka tena kuielekea redio. Akaipa mgongo. Akaielekea. Nikadhani anacheza, nikacheka. Kisha nikauona uso wake.

"Nikiielekea, kulia ndiyo dhaifu," alisema. "Nikiipa mgongo, kushoto ndiyo dhaifu. Vipi ugonjwa uhame?"

Akainua mkono, akaziba sikio la kushoto kwa kiganja, akabana sana. Akakaa hivyo. Redio ilikuwa inanguruma mpaka vifungo vyangu vinatetemeka kwenye kibati.

"Mbona umeizima?" akaniuliza.

Nilisema sijaizima, na hakunisikia. Nilisema tena, nikiwa hatua mbili kutoka kwake, na hakunisikia. Ilibidi niende mbele yake, niutoe ule mkono sikioni kwa mikono yangu miwili.

"Haijazimwa, baba. Inaimba."

Akaitazama redio. Akalitazama kopo la transista. "Nimeng'oa vitu vizima," alisema. "Mimi. Sikio." Nikamkalisha kwenye kigoda, nikaizima redio. Nilikuwa naogopa kuliko yeye, nadhani, maana nilishaanza kuhesabu mambo yote niliyomwambia mwaka mzima nikiwa upande ule: chai, mkasi, pole, samahani.

Naye akayafikia palepale. Akageuza shingo, akaitazama cherehani yangu, kiti changu, kisha mimi.

"Wewe unakaa huku," alisema. "Ulikuwa unaniambia nini?"

"Mambo mengi."

"Kama nini?"

"Jumatatu nilikuaga," nikasema. "Nilikwambia nakwenda kwa dada na sirudi. Nikangoja unizuie."

Alinitazama mdomoni. Kisha akavuta kigoda mpaka magoti yetu yakagusana, akaniletea sikio la kushoto.

"Niage tena," alisema. "Nisikie."

Nikafungua mdomo. Maneno niliyoyasema Jumatatu bila kupepesa macho hayakutoka.