Mteja wa Kwanza

Nilipokuwa mtoto pale mtaani Langas, asubuhi zangu nyingi nilizipitisha nyuma ya magunia ya viazi ya mama yangu, nimejikunja, nikingoja mtu mwingine anunue kwanza. Akishanunua, mama alinigusa na kidole cha mguu, nami nikatoka. Mtu angeniona angedhani tunacheza. Haukuwa mchezo.

Aliyewahi kuuza kitu analijua neno hili, nifungulie. Mteja wa kwanza wa siku ndiye anayekufungulia biashara. Mkono wake ukiwa mzuri, utauza mpaka ukose cha kufunika jioni. Ukiwa mbaya, utakaa ukifukuza nzi. Sisi tuliotoka upande wa ziwa tuliamini hivyo, na majirani zetu Wakalenjin waliouza maziwa waliamini hivyo hivyo. Kanisani Jumapili tulijaa wote, lakini Jumatatu hakuna aliyetaka kufunguliwa na mtu mwenye kisirani. Na mwenye kisirani, katika mstari ule wote wa vibanda, nilikuwa mimi.

Ilianzia kwa samaki. Mama alinituma kwa Mama Oti, aliyekuwa akikaanga samaki mkabala na sisi, nikamnunulie mapema kabla wateja hawajajaa. Mama Oti alipokea pesa yangu, akaigusisha kwenye karai, akanitania kwamba mkono huu mdogo utamletea matajiri kutoka mjini. Mchana karai lile lile likapinduka, mafuta yakamuunguza mkono kuanzia kwenye kiwiko hadi vidoleni. Nakumbuka akilia. Nakumbuka mtu akimmwagia maji, na mwingine akiuliza, polepole tu, ni nani aliyemfungulia leo.

Pengine yangeishia hapo. Lakini haukupita muda nikampelekea fundi wa viatu ndala ya mama, nikawa mteja wake wa kwanza, na siku hiyo hiyo kanjo, wale askari wa kaunti, wakamvamia wakabeba meza, viatu vya watu na hata kigoda alichokalia. Jamani, fundi huyo alikaa barabarani bila leseni na kanjo walimkimbiza kila mara! Nani alitaka kukumbuka hayo? Lawama ilikuwa imeshapata mahali pa kukaa.

Wanawake wa vibandani wakaja kwa mama, kwa heshima kabisa, wakamwambia si kwa ubaya, ila mtoto huyu asionekane asubuhi. Nilitegemea mama awake. Mama yangu hakuwa mtu wa kunyamaza, aliwahi kusimama mbele ya lori na kukataa kuondoka kwa sababu ya gunia moja la viazi vilivyooza. Siku hiyo alinyamaza. Kesho yake alinionyesha nafasi nyuma ya magunia.

“Kaa hapo kidogo tu, Adhiambo,” alisema. “Nikishafunguliwa, utatoka.”

Sikumchukia. Nilidhani namsaidia. Siku akiuza vizuri nilijua nimejificha vizuri, na siku viazi vikibaki nilijiuliza ni wapi nilipochungulia. Hivyo ndivyo nilivyokua. Darasani nilijua jibu nikangoja mwingine alitoe. Kwenye foleni ya maji nilirudi nyuma, na watu wakanisifu kwamba mtoto wa Mama Adhiambo ana adabu. Adabu gani? Nilikuwa naogopa kuwaharibia siku.

Nilipomaliza chuo cha ualimu wa chekechea, shule moja ya binafsi kule Kapsoya ilituita vijana kadhaa, kila mmoja afundishe kidogo mbele ya mwalimu mkuu. Akauliza nani ataanza. Nikaangalia viatu vyangu. Akauliza anayefuata, nikaendelea kuviangalia. Nilipobaki peke yangu alikuwa tayari anafunga mkoba. Akaniambia pole, wameshampata wanayemtaka.

Mama alikuwa ameanza kuugua kifua wakati huo. Nilimkuta kitandani amevaa sweta juu ya sweta. Aliniuliza imekuwaje, nikamweleza kama mtu anayesema nje kuna baridi.

“Niliwaacha wengine waanze, Mama. Ningeanza mimi, pengine wote wangekosa.”

Aligeuza uso akautazama ukuta, na nilidhani amelala.

Asubuhi akaniambia nimsindikize kibandani. Alitembea akisimama kila alipopata cha kushikilia. Tulipomaliza kujaza viazi kwenye mikebe ya kupimia, miguu yangu ikaenda yenyewe nyuma ya magunia, mimi mtu mzima na diploma yangu. Akaniita. Alitoa pesa kwenye mfuko wa aproni yake mwenyewe, akanitia mkononi, kisha akainua mkebe wa viazi.

“Simama hapa mbele. Nifungulie.”

Nilikataa. Nilimwambia yeye ni mgonjwa, leo si siku ya kujaribu mambo. Aliendelea kuushikilia ule mkebe mbele yangu mpaka nikaona aibu, nikanunua viazi vya mama yangu mwenyewe.

Mvua ikaanza muda si mrefu. Matope ya Langas yakawa yale yanayovua watu viatu, na hakuna aliyekuja. Jioni mikebe ilikuwa imejaa kama tulivyoijaza. Nililia, nikamuuliza kama sasa ameona mwenyewe.

“Adhiambo, siku nyingi ulikuwa nyuma ya magunia na bado sikuuza,” alisema. “Nilijua. Nimejua tangu zamani.”

Nilimuuliza kwa nini basi alinificha. Alikohoa, akajifuta mdomo kwa kitambaa.

“Niliwaogopa. Wangenitenga, na tungekula nini? Nikaona afadhali wewe ungoje kidogo. Sikujua utangoja mpaka leo.”

Nilimkasirikia, na sitaficha hilo. Nilimpikia, nilimwogesha, nilimpeleka hospitali kule Plateau alipozidiwa, yote nikiwa nimemkasirikia. Alifia huko kabla mvua hazijaisha. Hasira yangu nayo ilikuwa haijaisha, wala sikuwa nimepata nafasi ya kumwambia kwamba namwelewa, kwamba mjane mwenye mtoto na magunia ya viazi hawezi kugombana na soko zima. Uchungu wa kifo chake umepoa. Huu mwingine bado unaniamsha.

Baada ya mazishi nilirudi kufunga kibanda. Asubuhi ile nilivuka kwa Mama Oti nikawanunulie samaki shangazi zangu waliokuja kunisaidia. Alinishika mikono yote miwili akalia, na kilio chake kilikuwa cha kweli, kwa maana alimpenda sana mama. Kisha akaangalia karai lake. Kovu lilikuwa bado linang'aa mkononi.

“Ngoja kidogo, mwanangu,” akasema kwa upole. “Bado sijafunguliwa.”

Mguu wangu ukarudi nyuma. Naujua mguu ule. Nikamkumbuka mama ameinua mkebe, akikataa kuushusha.

“Mama Oti,” nikasema, “nina haraka.”

Niliweka pesa mezani, nikachagua samaki, nikawafunga mwenyewe kwenye gazeti. Hakunizuia. Aliichukua pesa kwa ncha za vidole.

Sasa nafundisha chekechea, na nilipoitwa kwa kazi hii nilisema nitaanza mimi. Zipo asubuhi ambazo mguu bado unarudi nyuma, nami nauleta tena mbele. Kinachoniuma ni kwamba mama hakuniona nikinunua wale samaki. Kama Mama Oti aliuza siku ile au hakuuza, sijui. Sikuwahi kumuuliza.