Jina Lililokataliwa, Likapigwa Mhuri

Juzi nilikuwa nasubiri mhuri kwenye ofisi moja ya kata hapa Morogoro. Mbele yangu bibi mmoja alisukuma dirishani fomu ya kusajili kikundi cha wakulima wa ndizi. Karani akampa shikamoo, akaisoma, akamrudishia kwa ncha ya kidole.

"Bibi, 'Umoja wa Waluguru' haiwezekani. Kikundi hakiruhusiwi kubeba jina la kabila. Ni ubaguzi."

Bibi akakuna shavu. "Basi andika 'Umoja wa Watu wa Mlimani'."

"Hapo sawa kabisa!"

Mhuri ukashuka kwa kishindo, nami nikauma midomo nisicheke. Kwa Kiluguru, mlima ni lugulu. Jina ni lilelile. Kumbe ubaguzi ukitafsiriwa unaisha!

"Unaona, bibi?" karani akasema kwa fahari. "Sasa hata mimi Mnyamwezi naweza kujiunga. Nimejenga Bigwa, kule juu mlimani."

"Karibu, mjukuu wangu," bibi akajibu huku akikunja fomu yake. "Hata wazee wetu walitoka huku na huko, wakapanda mlima, ndipo watu wa bondeni wakawaita Waluguru. Wewe umechelewa tu."