Ukweli kuhusu mwito ulioondolewa katika "Maji Yanajaa" ya Mkusini

Wakuu, Assalaam alaykum, na wasio wa salamu hiyo nawatakia jioni njema.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi humu, ila mwandishi wa nadra. Leo naandika kwa sababu kuna uzi umefika kurasa nyingi, wadau wakiulizana ni nani aliyekata mwanzo wa "Maji Yanajaa", wimbo wa marehemu Mkusini.

Wapo waliosema familia imeuza haki. Wapo waliosema masheikh wametutisha. Mmoja ameandika kwamba mjane ameolewa tena, na mume mpya anaona wivu.

Mjane ni mimi. Mume mpya sina.

Nitakayoyasema niliyaona na kuyasikia mwenyewe. Pale nisipojua nitasema sijui.

Ilikuwa Jumamosi, mwanzoni mwa mwezi wa sita, asubuhi. Nilikuwa roshani, kwetu Michenzani, naanika mapazia. Shemeji yangu Makame, mdogo wake marehemu, akanipigia simu kutoka Paje.

"Shemeji, mama anasema ule wimbo uondoke."

"Wimbo upi?"

"Huo wa maji. Hataki kuusikia tena. Mie nimetumwa tu, usinigombeze."

Nikabaki na pazia bichi mkononi, maji yanatiririka mpaka roshani ya jirani wa chini, ambaye alinikumbusha jambo hilo kwa maneno yake.

Kwa wale ambao hawakumfahamu, niruhusuni nirudi nyuma kidogo.

Mume wangu alizaliwa Paje, wakati ambapo Paje ilikuwa ya wavuvi na wakulima wa mwani, kabla ya hoteli kusimama bega kwa bega ufukweni. Alisoma madrasa, na akiwa kijana alikuwa mmoja wa waitikiaji katika maulidi ya homu, ile safu ya vijana wanaopiga magoti na kuyumba pamoja huku wakisoma. Kule ndiko alikojifunza kushika pumzi. Watu wa studio walimuuliza mara nyingi amefundishwa na nani kuchana mistari mirefu namna ile bila ya kukatika. Aliwajibu kwamba amefundishwa na magoti.

Alikuja mjini kutafuta kazi, akaipata katika duka la vitambaa, Mji Mkongwe, kwa Mhindi mmoja mpole aliyekuwa na mtoto wa kiume aitwaye Nilesh. Nilesh alikuwa na kompyuta, maikrofoni moja, na chumba cha ghala juu ya duka. Kuta zote zilikuwa zimejaa majora ya vitambaa mpaka darini, na hakuna studio iliyojengwa kwa fedha nyingi iliyokuwa kimya kama chumba kile. Jumapili duka likifungwa, wao walipanda juu.

Jina la Mkusini hakujipa. Alipewa kwa kejeli. Wenzake wa mjini walikuwa wanachana kwa lafudhi za kuigiza, na yeye alichana kama wanavyosema kwao, Kusini, bila ya kulisafisha neno hata moja.

Mara ya kwanza kumuona ilikuwa kwenye onyesho la wanafunzi, nami nasoma chuo mwaka wa pili. Kijana mmoja nyuma yangu akapaza sauti, "Rudi kwenu Kusini ukavue pweza!"

Yeye akasimamisha biti. Akamtazama kwa adabu kabisa.

"Nshavua, kaka. Nimekuletea. Kwenu nyumba ya ngapi?"

Ukumbi mzima ulicheka, na aliyecheka zaidi ni yule kijana. Mimi nilikwenda nyumbani nikaweka daftari zangu mezani, na sikusoma kitu.

Wazazi wangu walitaka daktari au hata karani. Hilo ni uzi wa siku nyengine. Inatosha kusema baba alikubali siku aliyomsikia akisoma maulidi nyumbani kwa ami yangu. Alimuuliza anafanya kazi gani, akajibu, "Nauza vitambaa, mzee, na Jumapili nnapiga kelele." Baba akasema mtu anayeijua kazi yake kwa jina lake anaweza kuoa.

Sasa huo wimbo.

Wakulima wa mwani kule ni wanawake. Bahari ikitoka wanatembea mbali, maji ya magotini, kila mmoja kwenye kamba zake zilizofungwa kwa vigingi. Mama mkwe wangu, Bi Mize, amefanya kazi hiyo tangu mume wangu alipokuwa mdogo. Mtoto akirudi skuli alisimama ufukweni, mikono kinywani, akaita kwa nguvu, "Mamaaa! We mamaa! Maji yanajaa!"

Miaka mingi baadaye, siku moja ghalani, Nilesh akamwambia ajaribu maikrofoni. Watu husema moja, mbili, moja, mbili. Yeye akafumba macho akaita vile vile alivyokuwa akiita. Nilesh alikuwa ameshabonyeza kitufe cha kurekodi. Baadaye, kwa siku kadhaa, waliandika wimbo mzima kuuzunguka mwito ule.

Mnaijua habari iliyofuata. Redio zote za hapa, Pemba, halafu Dar, halafu Mombasa. Kwenye maonyesho alikuwa akiita mara moja tu, na umati mzima ukaitika, "Naaam!" Nimeona watu wazima, wenye ndevu, wanamwitikia kama akina mama.

Bi Mize alipousikia redioni mara ya kwanza alisema, "Muongo huyu. Maji alikuwa hayajui. Njaa ilikuwa inamuuma."

Sitawachosha na miaka ya katikati. Alitoa nyimbo nyengine nzuri, baadhi yazo hamkuzisikiliza, na mlistahili kuzisikiliza. Wimbi likapita, wakaja vijana wapya, naye hakuwachukia. Alipata kazi ya kuendesha gari la hoteli, akawafundisha vijana wa Paje kuandika mistari. Halafu figo. Alifariki mwaka juzi, nyumbani kwetu, mchana, mimi na binti yetu Nasra tukiwa karibu naye. Mungu amrehemu.

Baada ya msiba wimbo ukaamka upya. DJ mmoja akautilia biti ya kuchezea, na mwito akauacha peke yake mwanzoni, mkubwa, bila ya chombo chochote. Mkaupenda. Sikulaumuni, hata mimi niliupenda. Nilikuwa nikiweka ule mwanzo tu, sekunde chache, narudia nikiwa napika. Mahali pengine pote alikuwa anafanya kazi yake ya usanii. Pale hakuwa anafanya kazi.

Kwa hivyo Makame aliponipigia, niliumia, na nikadhani nimeelewa. Tunajua hapa kwetu familia nyingi huomba nyimbo za marehemu zisipigwe, kwa kumuhofia huko aliko. Ni imani, nami naiheshimu. Lakini nilijitayarisha kumshawishi. Nilipanga hoja zangu kama ninavyopanga somo la kidato cha nne. Ningesema wimbo hauna neno baya. Ningesema unamtukuza mama. Nilikwenda Paje wiki iliyofuata na hoja zote zikiwa tayari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Kesho maji yanatoka asubuhi, twende sote mwani."

Kuhusu wimbo hakusema neno, nami sikuthubutu kuanza.

Asubuhi tukaingia, wanawake saba au wanane, mimi wa mwisho, nimefunga khanga vibaya. Jirani yake kwenye kamba, Bi Pili, alinitazama nikihangaika kufunga mbegu za mwani kwenye kamba.

"Bi Mwalimu, hiyo kamba si chaki. Ikaze."

"Mwache," akasema Bi Mize. "Kashaandika vizuri, ila mstari umepinda."

Wakacheka, nikacheka. Jua lilikuwa zuri. Mbali kidogo walikuwa watalii na vishada vyao, wanavutwa juu ya maji ya nje. Ufukweni, kwenye baa ya hoteli moja, kijana alikuwa anajaribu spika.

Ndipo ilipotoka.

"Mamaaa! We mamaa! Maji yanajaa!"

Wakuu, nimeisikia sauti ile mara nyingi sana. Sikuwahi kuisikia kutoka kule ilikokuwa ikitoka zamani, ufukweni, na upepo ukiileta, nami nikiwa nimesimama alipokuwa akisimama anayeitwa.

Bi Mize alikuwa ameinama, mikono yote miwili imejaa mwani. Kabla sijafikiri kitu alikuwa ameshanyanyuka, ameshageuka.

"Naam," akasema. Hakupaza. Ni sauti ya mtu anayejibu ndani ya nyumba.

Akakaa hivyo, anatazama ufukwe. Maji yalikuwa bado yanatoka. Wanawake wengine hawakumtazama. Waliendelea kufunga kamba zao, vichwa chini, na nikajua kutokana na utulivu wao kwamba hii si mara ya kwanza, na kwamba wamekubaliana bila ya kuambizana namna ya kumstahi.

Biti ikaingia. Akaweka mwani kwenye kamba polepole.

"Umeona?" akaniambia. "Wimbo siukatazi. Wimbo mzuri, hata ule mstari anaonisema kuhusu uji ni kweli. Lakini asiniite. Akiniita nnaitika. Nkishaitika, hayupo."

Bi Pili akasema bila ya kunyanyua kichwa, "Juzi kenda mpaka pale hotelini. Kaacha kamba zake, kenda kasimama kwenye ngazi, nguo zinachuruzika. Wakamuuliza bibi unataka nini."

"Nkawaambia nataka maji ya kunywa," akasema Bi Mize. "Wakanipa ya chupa. Baridi, meno yaliniuma."

Akacheka yeye. Sisi tulishindwa.

"Ikiwa hivi, mie bahari basi," akasema tena. "Ntakaa nyumbani nisuke ukili." Bi Pili aliposikia hivyo aliiacha kamba yake, akafanya kama anatafuta kitu majini.

Zile hoja zangu sikuzitoa. Hakuna hata moja iliyokuwa inajibu alichokisema.

Najua mtauliza kwa nini nisizungumze na hoteli. Nilizungumza. Meneja ni kijana muungwana kutoka bara, aliniomba radhi mpaka nikaona haya, na siku hiyo hiyo ukazimwa. Wiki iliyofuata alikuja DJ mwengine. Halafu baa ya pili. Halafu boda boda wenye spika, na simu za watoto. Ufukwe mzima huwezi kuukabidhi kwa mtu mmoja. Wimbo, hata lile toleo la DJ, ulikuwa umewekwa sehemu moja tu mtandaoni, kwenye chaneli ya Nilesh, ambaye sasa anaishi Dar, na wote walikuwa wanauchukua huko.

Lakini wakuu, nilichukua wiki kadhaa bila ya kufanya chochote. Sikutaka. Nilijiambia naogopa kumuudhi Nilesh, na haikuwa kweli. Niliona kana kwamba natakiwa kumtoa mume wangu nyumbani mara ya pili.

Nasra ana miaka kumi na sita. Nilimweleza jikoni, nikitarajia atalia, na kwa siri nikitarajia atanikatalia, ili nipate sababu. Alikuwa anamenya viazi. Aliuliza bibi alisema nini hasa, nikamwambia maneno yale yale.

Akamenya kiazi chote mpaka kikaisha.

"Mama, mimi na wewe tunasikiliza tu," akasema. "Anayeitwa ni bibi."

Basi.

Nilichojifunza si kikubwa. Msanii anapotoa wimbo anaugawa, nanyi mna haki yenu ndani yake, siwezi kuwanyima na sitaki. Lakini ndani ya huu kulikuwa na kitu ambacho hakukitoa kwetu. Kilinaswa. Mwenyewe, yule aliyekuwa akiitwa, yu hai, na kila siku maji yakitoka yuko pale.

Ombi langu ni dogo. Nakala za zamani mnazo, najua, nami siwaombi mzifute. Ila mkiwa Paje, na mkiona bahari imetoka na wanawake wako kwenye kamba, pigeni toleo jipya, au pigeni wimbo mwengine wake. Na kama kuna DJ humu mwenye marafiki ufukweni kule, amfikishie. Wenye maoni, au waliopatwa na jambo kama hili kwao, waandike. Nitasoma yote, hata ya yule aliyeniozesha.

Hii ndiyo barua niliyompelekea Nilesh, kwa mkono wa binamu yangu aliyekuwa anavuka. Naiweka kwa ridhaa yake.

"Ndugu yangu Nilesh,

Nasra anakusalimu, na wote hapa wanakusalimu. Nimekupigia simu mara tatu wiki hii, na kila ulipopokea nilikuuliza habari za watoto. Kwa hivyo naandika.

Naomba uukate mwito. Wimbo uanzie pale biti inapoingia. Najua utaniambia kuwa huko ni kuutoa moyo wake, na mimi nakwambia hivyo hivyo. Lakini Bi Mize anausikia akiwa majini, anaitika, na anatoka kumfuata. Anasema ataacha kwenda mwani. Wewe unamjua, unajua pale ndipo penye wenzake wote.

Watu watauliza. Usijibizane nao, nitajibu mimi.

Utakachokikata usikitupe. Kiweke kwako. Nasra akija kukitaka akiwa mkubwa, mpe. Mimi usinipe, hata nikikuomba, na huenda nikakuomba.

Ukishamaliza, usinitumie mimi kwanza. Mtumie Makame nakala mpya. Aende ufukweni bahari ikiwa imetoka, aipige kwa spika kubwa, asimwambie mtu. Kama mama ataendelea kufunga mwani wake, basi iweke kwenye chaneli."