Gari Yenye Melchior Alijengea Komanda

Batu ba Vulamba, kartie yetu ya Butembo, banapenda kusema Melchior ni mutu muzuri. Hanywake pombe, hapigake bibi, na ukimuletea saa yenye imekufa, anakurudishia inatembea. Sawa. Miye Florentine, yaya, dada mukubwa wa Berthe, bibi yake wa ndoa, nitawaambia yenye niliona na macho yangu. Hasira muniachie, ni yangu.

Ilikuwa wakati ya vita, Butembo na Beni mu mikono ya waasi. Berthe alikuwa anaendaka Beni kuuzisha maharagi. Siku moja, ku bariere ya barabara, maaskari bakakuta dawa ya malaria mu kitunga yake. Ilikuwa ya mama yetu, mais bakasema anapelekea Mai-Mai, adui zao ba mu pori. Bakamutupa mu kasho ya kambi yao, shimo yenye bamefunika na mabati, mayi mu miguu. Tukaenda kulia mbele ya komanda, miye na Melchior. Komanda hakutuangalia hata. Akauliza kitu moja tu: "Weye njo fundi wa masaa?"

Kumbe mufanyabiashara mumoja alikuwa amemuletea zawadi kutoka Dubai: kartoni kubwa, na juu yake picha ya gari nyekundu ya mashindano. Ndani hapana gari. Ndani ni bipande bya plastiki, bingi, bidogo, bimeshikana ku bijiti, na weye mwenyewe unapashwa kubiunga mupaka gari itoke, ndefu kama mukono kutoka ku kiwiko mupaka ku bidole. Maaskari balijaribu, bakavunja kioo. "Unijengee hii," komanda akasema. "Siku yenye itaisha, bibi yako anarudi ku nyumba." Nilishukuru Mungu, nikazani ni kazi ya majuma kidogo tu.

Melchior akaweka kartoni juu ya meza ya chakula. Mwanzo alifanya mbio. Moteri ikaungana, magurudumu ikasimama, mwili ukakaa juu. Nikamuambia: "Shemeji, imekuwa gari. Peleka."

Akaniangalia kama mutu mwenye umemuamusha. "Bado, yaya. Moteri haina nyuzi."

"Na nani ataangalia mu moteri?"

"Miye ninaona."

Basi! Akaanza kutoa nyuzi za shaba mu radio za batu, nyembamba kama nywele, akazipitisha mu moteri moja moja. Kioo yenye ilivunjika akaikata upya mu chupa ya plastiki. Akapaka rangi ya makucha, akaona nyekundu yake haiko ile ya picha, akakwangua yote, akaanza tena. Mikaba ya kufunga dereva aliikata ku kitambaa ya kichwa ya Berthe, ile ya misa. Nilipiga kelele. Akanijibu polepole: "Akirudi nitamununulia ingine."

Na miye njo nilikuwa ninapanda lori kila juma kumupelekea Berthe chakula. Alikuwa anaweka uso ku tundu ya mabati. Hakuuliza habari ya mama, hakuuliza ya nyumba. "Yaya, gari inafika wapi?" Namujibu: "Iko na magurudumu." Anafurahi. Juma ingine: "Na sasa?" "Anapaka rangi." Juma ingine: "Na sasa?" "Anapaka rangi tena." Siku ile alitoa uso ku tundu. Miguu yake ilivimba, ngozi inatoka kama ya kiazi chenye kimepikwa. Na maaskari balikuwa banafungua mabati wakati banataka. Sitasema zaidi.

Nikarudi, nikamuambia Melchior yote, wazi. Akalia. Alilia kweli, machozi inaanguka ku meza. Kisha akasogeza gari pembeni ili machozi isiiguse.

Nikamushika shati. "Uko na moyo gani, weye?"

"Yaya, nikimupa kitu ya ovyo, atakatala. Mais ikikuwa nzuri kabisa, atasikia haya. Mutu hawezi kuona kazi kama hii halafu akufanyie mubaya."

Aliamini vile! Miaka yote batu ba Butembo balimusifu juu ya mikono yake, akazani kazi nzuri inafungaka roho ya kila mutu.

Mwisho akaenda ku barabara ya Beni, akaleta udongo, akauchekecha na kitambaa, akaupulizia ku magurudumu na ku milango. Nikazani amepata wazimu. "Unapelekea komanda gari chafu?"

"Gari ya mashindano yenye haina vumbi, nani ataamini ilikimbia?"

Tukaenda pamoja, yeye ameibeba ku mapaja njia yote. Komanda akafungua mulango na kidole kimoja. Akaona mikaba. Akafungua moteri, akaona nyuzi. Akaona vumbi. "Kitoko!" akapiga kelele na Lingala yake. "Nzuri sana! Hii si barabara yetu?" Akaita maofisa baone. Akapatia Melchior kiti, akamumiminia bia yeye mwenyewe. Furaha ikanishika. Nilikuwa na kikwembe kipya mu kitunga, cha kumuvalisha Berthe.

"Kama mutu anafanya kazi vile juu ya bibi," komanda akasema, "bibi ule iko na maana sana." Akainama, akavuta chini ya meza kartoni ingine, kubwa kuliko ya kwanza. "Nikimuachilia, utarudia masaa yako. Aka! Atabaki hapa. Unijengee na hii."

Nilianguka, nikashika buti zake. Askari akanivuta inje. Tukapita karibu na kasho, Berthe akasikia sauti zetu, akaita: "Yaya! Gari ilimupendeza?"

Ningesema nini? "Ilimupendeza, mudogo wangu. Ilimupendeza sana."

Nikasikia anacheka. Nikasikia anaaga benzake ba mu kasho.

Mu lori Melchior alikaa mbele yangu na kartoni ku mapaja, analia. Bado hatujafika Butembo, nikaona anafungua kamba. Akachungulia. Akatoa kipande kimoja, akakigeuza-geuza mu mwangaza.

"Yaya," akaniambia, macho bado mayi, "hii milango yake inafunguka ya kwenda juu."

Na sauti yake ilikuwa ya mutu mwenye anafurahi. Nilimutemea mate mu uso, mbele ya batu bote ba lori.