Dawa ya Baka Jekundu

Dresa wa zahanati ya Changamwe alikuwa hamshiki mtoto kabla hajasugua viganja vikapata moto, wala hasemi neno kabla hajakohoa mara mbili. Mwaka wa hamsini na tisa, Mahfoudha alimpelekea bintiye mchanga, mwenye baka jekundu shavuni lililozidi kuvimba. Mavyaa yake, Bi Kuluthum, alitaka lichomwe kwa barafu kavu ya hospitali, ile inayounguza ngozi. Dresa akalipima kwa uzi, akakohoa.

"Barafu itamwachia kovu, bibi. Hili hufifia lenyewe."

"Sitoki hapa bila dawa, wallahi!" Bi Kuluthum aliapa.

Dresa akaandika kwenye kadi, taratibu: Kungoja, kutwa mara tatu.

"Kabla ya kula au baada?"

"Baada," alijibu, bila kucheka.

Mtoto alipotimiza miaka minne shavu lilikuwa safi, na Bi Kuluthum akaisifu dawa ile Chaani nzima: nzuri, ila hukawia.